Kisahani cha Kuchajia Simu Bila Waya: Miezi Minane Kwenye Meza ya Wakala, Mtwara

Nina steshenari ndogo hapa Mtwara mjini, si mbali na Soko Kuu, na kwenye kona ya duka nimeweka meza ya uwakala wa fedha za simu. Simu ya kazi haipumziki. Tangu ninapofungua saa mbili asubuhi hadi ninapofunga saa moja usiku, huchomekwa kwenye chaji na kuchomolewa mara 15 hadi 20, kwa kuwa kila mteja anapofika sina budi kuishika mkononi, kumwonesha jina la mpokeaji, kuhakikisha kiasi, kisha kuirudisha kwenye waya. Msimu wa korosho ukipamba moto, wakulima wanapolipwa na fedha zinapoanza kuzunguka mjini, mara hizo huwa nyingi kiasi kwamba siwezi kuzihesabu. Ndani ya miaka miwili nimebadilisha tundu la chaji mara mbili. Mara ya pili fundi alisogeza taa, akanipa lenzi yake nitazame mwenyewe: vijipini vya ndani vilikuwa vimeota kutu ya kijani, na viwili kati yake vilikuwa vimelika hadi kubaki kama vichwa vya sindano. Akaniambia kuwa hiyo ni kazi ya chumvi na msuguano. Upepo wa bahari unaotupoza jioni ndio huo huo unaopeleka unyevu ndani ya simu, na pini iliyokwisha kukwanguliwa mpako wake kwa kuchomekwa mara elfu haina tena kinga.

Hiyo ndiyo sababu iliyonifanya ninunue kisahani cha kuchajia simu bila waya, na ninaandika tathmini hii baada ya kukitumia kwa miezi minane, kuanzia Novemba hadi Juni, yaani katika joto kali, katika mvua zote za mwaka, na katika majira haya ya upepo wa kusi. Kimeniridhisha na ningekinunua tena. Hata hivyo sababu za kuridhika kwangu si zile ambazo wauzaji wengi hutaja, na wako watu ambao ningewasihi wasikinunue.

Nianze na kosa langu, kwa kuwa limenifundisha mengi. Kisahani cha kwanza nilikinunua kwa mchuuzi kwa shilingi 12,000, bila kukijaribu. Kilikuwa chepesi kama karatasi ngumu, hakikuwa na alama yoyote mgongoni isipokuwa maneno makubwa ya kujisifu, na kilichaji simu kwa kusuasua. Siku ya tatu nilihisi harufu ya plastiki inayoungua. Nilipoinua simu, nilikuta sarafu ya shilingi 200 imejipenyeza chini yake, kama sarafu zinavyojipenyeza kila mahali kwenye meza ya wakala, na ilikuwa ya moto kiasi kwamba niliiangusha sakafuni. Juu ya kisahani palibaki duara la kahawia lenye ukubwa wa sarafu ile ile, na kava ya simu ilikuwa imeanza kulainika. Nilikitupa siku hiyo hiyo. Ila sikutaka kuachana na jambo lenyewe kabla sijajua kwa nini sarafu ipate moto juu ya kifaa ambacho ukikigusa kwa kidole hakikufanyi chochote.

Jibu liko katika namna kifaa kinavyofanya kazi, na nitalieleza kwa kirefu kidogo kwa sababu mtu akilielewa hatahitaji kutegemea maneno ya muuzaji.

Kila mmoja wetu amewahi kuliona transfoma juu ya nguzo. Ndani yake mna nyaya mbili za shaba, kila moja ikiwa imeviringwa mara nyingi kuwa koili yake, na koili hizo hazikuunganishwa kwa waya wowote. Umeme unaingia katika ya kwanza na kutokea katika ya pili, na kinachouvusha ni nguvu ya sumaku. Michael Faraday alilionesha jambo hilo jijini London mwaka 1831, kwa pete ya chuma aliyoizungushia koili mbili. Alipounganisha betri kwenye koili moja, sindano ya kipimio kilichofungwa kwenye koili ya pili ilicheza mara moja kisha ikatulia. Alipoitoa betri, sindano ikacheza tena kwa upande wa pili. Muda wote ambao mkondo ulipita bila kubadilika, sindano haikusogea. Hapo ndipo penye siri: sumaku iliyotulia haizalishi umeme katika waya, ila sumaku inayobadilika ndiyo inayozalisha.

Kisahani changu ni nusu moja ya transfoma, na nusu ya pili imo ndani ya simu. Adapta inakipa umeme wa mkondo mnyoofu, yaani unaokwenda upande mmoja bila kubadilika, ambao kwa mujibu wa jaribio la Faraday usingeweza kuvuka kamwe. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya saketi iliyomo ndani ni kuugeuza mkondo huo uwe unakwenda na kurudi, na unafanya hivyo kwa kasi kubwa. Umeme wa majumbani kwetu hukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde. Ndani ya kisahani cha kawaida mizunguko huwa kati ya 87,000 na 205,000 kwa sekunde. Kasi hiyo ndiyo inayowezesha koili nyembamba isiyo na kiini kizito cha chuma kuvusha umeme wa kutosha simu. Koili ya ndani ya simu, iliyobandikwa nyuma ya betri pamoja na bamba jembamba la feraiti linaloelekeza sumaku isitawanyike ovyo, hupokea mabadiliko hayo na kuzaa mkondo wake. Mkondo huo hunyooshwa tena, hupunguzwa hadi kiwango kinachofaa, kisha huingia kwenye betri. Ndiyo maana mgongo wa simu ya aina hii hauwezi kuwa wa bati zima la chuma. Apple walirudi kwenye mgongo wa kioo mwaka 2017, walipotoa iPhone 8 na iPhone X, na hizo ndizo iPhone za kwanza kuchajiwa namna hii. Nokia walikuwa wamewatangulia kwa Lumia 920 mwaka 2012.

Sasa turudi kwenye sarafu. Kipande chochote cha chuma au shaba kikiwekwa katika sumaku inayobadilika kwa kasi, umeme huzunguka ndani yake chenyewe bila mahali pa kwenda, na wote huishia kuwa joto. Kisahani kilichotengenezwa kwa uangalifu kinajilinda. Kinapokuwa kitupu hakitoi umeme mfululizo, bali kila baada ya muda mfupi hubisha hodi kwa mpigo mdogo. Simu ikiwepo, huitikia kwa kuubadilisha mzigo wake, na mabadiliko hayo madogo husomwa na kisahani kama ujumbe: nipo, nahitaji kiasi hiki, ongeza, punguza, betri imejaa, simama. Mazungumzo hayo huendelea muda wote wa kuchaji. Simu pia hutaja ni wati ngapi imepokea, na kisahani hulinganisha na zile kilizotoa. Pengo likizidi kiwango, kinajua kwamba kuna kitu kingine kinachokula umeme katikati, na kinakata. Kile cha shilingi 12,000 kilijua kutoa umeme tu. Kulinganisha hakikujua.

Utaratibu huo wa mazungumzo una jina, Qi, neno la Kichina lenye maana ya nguvu ya uhai, nalo hutamkwa "chi". Unasimamiwa na umoja wa makampuni ulioundwa mwaka 2008, Wireless Power Consortium, na toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2010. Kisahani na simu vikiwa vimefuata kweli utaratibu huo vitaelewana, hata kama vimetengenezwa na makampuni mawili yasiyojuana. Yeyote anayekwenda kununua aanze kwa kuitafuta alama hiyo, akijua kwamba kuna wanaoichapa bila kustahili, hivyo alama peke yake haitoshi.

Kisahani cha pili nilikipata katika duka la vifaa vya simu hapa hapa mjini, kwa shilingi 35,000, na huduma niliyopewa pale naisifu bila kusita. Kijana aliyenihudumia hakuanza na bei. "Mama, usilipe kwanza," alisema. "Vua kava, weka simu yako hapa, tuone kama inaitikia." Simu ilipoitikia, akaniomba niirudishe kava, akaweka tena. Kisha, bila mimi kumwomba, akatoa ufunguo mfukoni na kuuweka kati ya simu na kisahani. Taa ndogo ya bluu ikageuka nyekundu, ikapepesa, na chaji ikakatika. Akauondoa ufunguo, bluu ikarudi. Nilimsimulia habari za sarafu yangu, naye akasema kwamba jaribio hilo hulifanya kwa kila shehena mpya, kwa sababu vifaa vya jina lile lile na boksi lile lile vinaweza kuja vikiwa tofauti ndani. Kwa sababu hiyo sioni faida ya kutaja jina lililochapwa juu ya kifaa changu. Jaribio la ufunguo litamsaidia msomaji kuliko jina.

Kwa umbo ni duara jeusi lenye upana wa takriban sentimita 10, lenye pete ya mpira juu ili simu isiteleze, na matundu madogo pembeni yanayopitisha hewa ya feni iliyomo ndani. Ndani ya boksi mna kisahani, waya mfupi wa USB-C, na karatasi ya waranti ya miezi sita. Adapta haimo. Hilo ni pungufu kubwa, tena linapotosha, kwa kuwa juu ya boksi pameandikwa wati 15, na mnunuzi akikichomeka kwenye adapta ya zamani ya wati 5 hatazipata hata nusu. Kijana alinieleza kuwa ninahitaji adapta inayoweza kutoa volti 9 na angalau ampea 2. Ninayo iliyokuja na simu nyingine, hivyo sikuongeza gharama, ila asiyekuwa nayo ahesabu bei yake pamoja na ya kisahani. Ajue pia kwamba wati 15 ni kilele, na anayeamua kiasi cha kupokea ni simu. iPhone, kwa mfano, juu ya kisahani cha kawaida cha Qi haipokei zaidi ya wati 7.5.

Simu yangu ya kazi ni Samsung Galaxy S21 niliyoinunua ikiwa imetumika, yenye betri ya mAh 4,000. Nimeipima kwa saa ya ukutani mara kadhaa. Kutoka asilimia 20 hadi 80, kwa waya inachukua kama dakika 45. Kwa kisahani, asubuhi kabla jua halijapanda, inachukua saa 1 na dakika 40. Anayetaka simu ijae upesi ili atoke, waya haujapata mpinzani, na yeyote anayemwambia vinginevyo hajapima. Lakini mimi sihitaji simu ijae upesi. Ninahitaji isizime. Baada ya kila mteja ninailaza tu, ninageuka kumhesabia mwingine noti, na dakika zile tatu au nne zinaingia kwenye betri bila mimi kutafuta ncha ya waya, kuigeuza na kuilenga kwenye tundu. Katika siku ya kazi nzito simu inashinda kati ya asilimia 60 na 85, na tangu Novemba haijanizimikia mteja akiwa amesimama mbele yangu. Tundu la chaji nililibandika kizibo cha mpira, na fundi alipolitazama mwezi uliopita alilikuta safi.

Faida nyingine niliigundua wakati wa mvua, na kwa mji wa pwani kama wetu ningeiweka juu kuliko zote. Siku moja ya Februari nilifika dukani nimelowa, na nilipochomeka waya simu ikakataa, ikionesha alama ya tone la maji. Simu nyingi za sasa zina kitambuzi cha unyevu ndani ya tundu na hukata chaji ya waya hadi pakauke, jambo ambalo ni la busara, kwa sababu umeme ukipita penye maji ya chumvi pini huliwa haraka mno. Zamani ningesubiri saa nzima nikilipepea tundu. Siku ile niliifuta simu mgongoni kwa kitambaa kikavu, nikailaza kwenye kisahani, na kazi ikaendelea huku tundu likikauka lenyewe.

Nitaeleza sasa kasoro yake kubwa, nayo ni joto. Umeme unaovuka hewani haufiki wote. Sehemu hupotea katika koili mbili, sehemu katika kuugeuza na kuunyoosha mkondo, na yote iliyopotea hugeuka joto, sehemu yake kubwa ikiwa imebanwa kati ya kisahani na mgongo wa simu, pale pale betri inapokaa. Kijana wa duka aliniazima kipimio kidogo cha USB kwa siku mbili. Kuijaza simu yangu kutoka karibu sifuri kulitumia takriban wati-saa 17 kwa waya na takriban 22 kwa kisahani. Wengi husikia hivyo wakahofia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na hofu hiyo haina msingi: uniti moja ni wati-saa 1,000, hivyo tofauti ile ya wati-saa 5 inahitaji kujirudia mara 200 ndipo imalize uniti moja. Tunacholipia hasa ni umri wa betri. Betri za lithiamu huchakaa upesi zaidi zikichajiwa zikiwa na joto, na Apple wenyewe hushauri simu zao zitumiwe mahali ambapo joto la hewa halizidi nyuzi 35.

Mtwara mwezi wa Desemba, chini ya paa la mabati lisilo na dari, nyuzi 35 ni jambo la kawaida kila alasiri. Nilipoweka simu kwenye kisahani saa nane mchana katika wiki ya kwanza, baada ya dakika 20 mgongo wake ulikuwa kama chupa ya chai ya moto iliyofungwa vibaya, na baada ya dakika chache chaji ikapungua yenyewe hadi karibu kusimama. Simu ilikuwa inajiokoa. Tangu hapo nimejiwekea utaratibu: kisahani kinafanya kazi asubuhi hadi saa sita, kinapumzika, kisha kinarudi baada ya saa kumi, au mapema zaidi siku za mvua. Pia nimekihamishia upande ambao pangaboi linapuliza moja kwa moja, na kava nene ya ngozi nimeibadilisha kwa kava nyembamba ya mpira. Hili la kava lina uzito maradufu, kwa kuwa nguvu ya sumaku hupungua kwa kasi kadiri koili zinavyoachana. Milimita 2 au 3 hazina tatizo, ila kava nene pamoja na pete ya chuma ya kushikia simu vitaleta joto tele na chaji kidogo, au kitaa chekundu.

Feni ya ndani inasaidia, ingawa inahitaji matunzo. Vumbi la mji huu ni la mchanga mwembamba, na kufikia Machi feni ilianza kulia kama nzi aliyenaswa kwenye gazeti. Niliipuliza kwa pampu ya baiskeli na kupitisha brashi ya rangi kwenye matundu, ikatulia. Ninafanya hivyo kila mwisho wa mwezi.

Jambo lingine linaloudhi ni kulenga. Koili za ndani zina upana wa sentimita chache tu, na simu ikikaa pembeni kwa sentimita moja chaji hudhoofika au hukatika. Mezani mchana hili halinisumbui, kwa kuwa jicho linaona taa. Usiku ni tofauti. Nilikipeleka kisahani nyumbani mara moja, nikailaza simu ikiwa na asilimia 28, na alfajiri niliikuta na 31. Ndugu alikuwa amepiga mara mbili nikiwa usingizini, simu ikatetemeka na kujisogeza hadi ukingoni. Tangu siku hiyo kisahani hakitoki dukani. Dawa ya tatizo hili imekwisha kupatikana: toleo la Qi2, lililotangazwa mwaka 2023, lina duara la sumaku ndani ya kisahani na ndani ya simu, vikivutana vyenyewe hadi koili zikae uso kwa uso, kwa msingi wa kile ambacho Apple walikianzisha kwenye iPhone 12 mwaka 2020 kwa jina la MagSafe. Koili zikilengana sawasawa, umeme unaopotea hupungua, na joto nalo hupungua. Kwa mji wetu ningesema sumaku hizo zina thamani zaidi kuliko wati za ziada zinazotangazwa.

Kwa mawakala wenzangu nina angalizo mahsusi. Wengi wetu tuna mazoea ya kusunda kadi ya benki au kitambulisho nyuma ya kava. Kadi hiyo iondolewe kabla simu haijalazwa kwenye kisahani, kwa sababu chipu na utepe wa sumaku vinaweza kuharibika. Aidha, mtu aliyewekewa kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo anashauriwa na watengenezaji kuweka umbali wa zaidi ya sentimita 30 kati ya kifua na simu inayochajiwa namna hii. Wateja wawili watatu wameniuliza kama mionzi yake inadhuru. Nimewaeleza kuwa nguvu hiyo hufifia ndani ya sentimita chache, na ndiyo maana hata simu yenyewe, iliyotengenezwa kuipokea, ikiinuliwa kidogo tu haipati kitu.

Mdogo wangu anayeishi Tandahimba aliposikia habari hizi alinipigia: "Dada, ninunulie na mimi hicho kisahani, hela nitakutumia." Nilimkatalia, na sababu zangu zinawahusu wengi. Kwanza, simu yake ni ya Samsung ya mfululizo wa A, na hizo hazina koili ndani, kama zilivyo simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa madukani kwetu. Ukizilaza juu ya kisahani ni sawa na kuzilaza juu ya kigae. Ziko koili za kubandika, nyembamba kama stika, zenye ncha inayoingia kwenye tundu la chaji. Nilizijaribu kwenye simu ya binti yangu. Zinachaji polepole sana, na kwa kuwa ncha yake inashinda ndani ya tundu, haziliokoi tundu hilo lililonifanya mimi nitafute kisahani. Pili, anatumia sola yenye betri ndogo. Wati-saa 5 ambazo kwangu ni bure, kwake ni sehemu ya taa ya usiku, na siku ya mawingu atazihitaji zote. Nikamwambia anunue waya imara na kizibo cha tundu, vyote havifiki shilingi 10,000.

Waranti imekwisha miezi miwili iliyopita. Umeme ukikatika na kurudi, kisahani huanza upya chenyewe bila kuhitaji simu iinuliwe, jambo ambalo kile cha kwanza hakikuliweza. Pete ya mpira imeanza kubanduka upande mmoja kwa sababu ya joto; nilirudi dukani, na kijana yule akaibandika kwa tone la gundi papo hapo bila kudai chochote. Nilimuuliza bei ya vile vyenye sumaku. Akasema shehena ya kwanza ameiagiza Dar es Salaam, na kwamba nitakapokuja kukijaribu nije na simu yangu, kava yangu, na ile sarafu ya shilingi 200.